Whitney Tusiyemsikiliza: Mwongozo wa Kuzisaka Nyimbo Zake Zilizosahaulika

Litaje jina la Whitney Houston popote penye watu watano, na mmoja wao atafumba macho, atavuta pumzi na kuupandisha ule wimbo wa filamu ya The Bodyguard. Tumeuzoea harusini, misibani na kwenye vipindi vya mapenzi vya redio usiku. Heshima yake haina ubishi: “I Will Always Love You”, wimbo ambao Dolly Parton aliutoa mwaka 1974, kwa sauti ya Whitney ulikaa kileleni nchini Marekani wiki 14 kuanzia mwishoni mwa 1992.

Tatizo ni kwamba umetuzoesha kumsikiliza kwa namna moja: tunangoja apande. Akishapanda tunapiga makofi, basi. Nyimbo zake zilizosahaulika zinamwonyesha Whitney mwingine, anayejua kujizuia, anayecheza na mdundo, anayejibizana na kwaya kama mmoja wao. Huyo ndiye tunayemtafuta hapa.

Utahitaji simu yenye programu ya muziki, bando la kupakua albamu chache, hedifoni zinazotoa besi vizuri, kalamu na karatasi. Albamu moja kwa jioni inatosha.

Hatua ya 1: Andika unazozijua, kisha uziweke kando

Orodhesha kila wimbo ambao kiitikio chake unaweza kukiimba papo hapo. Wengi wataandika “Saving All My Love for You”, “How Will I Know”, “Greatest Love of All”, “I Wanna Dance with Somebody” na “I Have Nothing”. Kati ya 1985 na 1988 Whitney alitoa singo saba mfululizo zilizoshika nafasi ya kwanza Marekani. Hizo saba, pamoja na zile za The Bodyguard, ndizo zilizozifunika nyingine zote. Usizisikilize mpaka umalize mwongozo huu.

Hatua ya 2: Achana na mikusanyiko, fuata albamu

Ukitafuta jina lake, programu itakuletea kwanza mkusanyiko wa nyimbo bora. Ruka. Andika albamu kwa mpangilio wa miaka: Whitney Houston (1985), Whitney (1987), I’m Your Baby Tonight (1990), The Bodyguard (1992), The Preacher’s Wife (1996), My Love Is Your Love (1998), Just Whitney (2002) na I Look to You (2009). Ziko nyingine, ila hizi ndizo uti wa mgongo. Zima kitufe cha kuchanganya nyimbo ili usikilize kwa mpangilio wake.

Hatua ya 3: Anza kabla ya albamu ya kwanza

Watu hudhani alianzia 1985. Rudi nyuma hadi 1982, kwenye albamu One Down ya kundi la Material lililoongozwa na mpiga besi Bill Laswell. Humo kuna “Memories”, wimbo wa taratibu ulioimbwa na Whitney kabla hajatimiza miaka 20, huku mkongwe wa jazi Archie Shepp akipuliza saksafoni.

Usikilize mara mbili. Mara ya kwanza mfuate Whitney: anaweka neno, anaacha nafasi, hana haraka. Mara ya pili mfuate Shepp: saksafoni yake inakwaruza na kupinda pembeni ya sauti safi kabisa ya msichana, na binti hatikisiki. Hakuna anapolazimisha kupanda. Ukiuelewa wimbo huu, sikio lako liko tayari kwa hatua zinazofuata.

Hatua ya 4: Chimba katikati ya albamu kubwa

Nyimbo za kuuzia albamu mara nyingi hupangwa mwanzoni. Zipite hizo. Kwenye albamu ya 1987, anza na “Just the Lonely Talking Again”, wimbo wa Sam Dees. Whitney anauimba kwa chini, kama mtu anayeongea na simu usiku nyumba nzima ikiwa imelala. Kisha sikiliza “For the Love of You” ya Isley Brothers: hakuivunja nyumba ya wenyewe, aliingia na kukaa kwa adabu. Malizia na “I Know Him So Well”, anaouimba na mama yake mzazi, Cissy Houston. Hapo utasikia sauti ile ilirithiwa wapi.

Usisahau “Love Will Save the Day”. Huu ulitoka kama singo mwaka 1988 baada ya zile saba, ukaishia nafasi ya 9. Kwa msanii mwingine hilo ni fanikio kubwa, lakini kwa Whitney ulionekana umekata mnyororo, na kumbukumbu za watu zikaupita. Ni wimbo wa kuchezeka, wenye ngoma za mikono na vibrafoni ya Roy Ayers. Uweke kwenye spika, hedifoni zitaupunja.

Kwenye I’m Your Baby Tonight, tafuta “Who Do You Love” uliotayarishwa na Luther Vandross, “We Didn’t Know” anaoimba na mtunzi wake Stevie Wonder, na “Lover for Life”, kazi nyingine ya Sam Dees. Hapo andika dokezo: ukipenda nyimbo mbili za mtunzi mmoja, mfuate mtunzi huyo. Majina ya watunzi yamo kwenye sehemu ya maelezo ya wimbo ndani ya programu nyingi za muziki, na ndiyo ramani bora kuliko mapendekezo ya mashine.

Hatua ya 5: Tafuta zilizofichwa

Nyimbo nyingine hazikusahauliwa, zilifichwa. Mwaka 1990 Whitney alirekodi “Higher Love”, wimbo uliopata umaarufu kwa sauti ya Steve Winwood mwaka 1986. Ukawekwa kama nyongeza kwenye toleo la Japani la I’m Your Baby Tonight, na huko ukabaki. Mwaka 2019 prodyuza Kygo wa Norway aliichukua sauti ile, akaisukia mdundo mpya, na dunia ikaucheza miaka saba baada ya mwimbaji kufariki. Kwa hiyo angalia daima matoleo ya nchi nyingine na matoleo ya kumbukumbu yenye nyongeza.

Mfano mwingine uko mwishoni mwa My Love Is Your Love. “I Was Made to Love Him”, wimbo wa Stevie Wonder uliotayarishwa upya na Lauryn Hill, uliwekwa kama wimbo wa siri nyuma ya albamu. Waliozima mapema hawakuukuta. Ukiwa kwenye albamu hiyo, ipe nafasi pia “Oh Yes”, kazi ya Missy Elliott, ambayo inajivuta polepole kwa makusudi na kumwacha Whitney anong’one.

Hatua ya 6: Mpeleke kanisani

Whitney alilelewa katika kwaya ya New Hope Baptist Church, Newark, New Jersey. Bila upande huu humjui. Albamu ya The Preacher’s Wife ilitokana na filamu aliyoigiza na Denzel Washington, na mle amesindikizwa na Georgia Mass Choir. Msomaji aliyewahi kuimba kwaya atafaidi zaidi hapa.

Anza na “I Love the Lord” ya Richard Smallwood. Tega sikio pale kwaya inapoingia: Whitney haizidi nguvu, anaiachia nafasi, kisha anateleza juu yake kwa maneno machache. Halafu nenda “Hold On, Help Is on the Way” na “I Go to the Rock”, za kupiga makofi na kusimama. Ukitaka kuendelea, mwaka 2023 ulitolewa mkusanyiko wa I Go to the Rock ukiwa na rekodi sita za injili ambazo hazikuwahi kutoka kabla, ikiwemo “Testimony” aliyoiimba akiwa na miaka 17.

Hatua ya 7: Msikilize jukwaani

Baadhi ya kazi zake bora hazikurekodiwa studio. Mwaka 2014 ilitolewa albamu ya maonyesho yake ya moja kwa moja, Her Greatest Performances. Tafuta mawili humo.

La kwanza ni “Home”, kutoka tamthilia ya muziki The Wiz, aliouimba kwenye televisheni mwaka 1983 akiwa bado hana albamu. La pili ni la tuzo za American Music Awards za 1994, alipounganisha nyimbo tatu: “I Loves You, Porgy” ya opera ya Gershwin, “And I Am Telling You I’m Not Going” ya tamthilia ya muziki Dreamgirls, na “I Have Nothing” yake mwenyewe. Anaanza chini kabisa, karibu na maongezi, anakusanya hasira katikati, na anapofika kwenye wimbo unaoujua tayari umeshausikia kwa sikio jipya.

Kwa Waafrika kuna la ziada. Novemba 1994, miezi michache baada ya Nelson Mandela kuapishwa kuwa rais, Whitney alifanya maonyesho Durban, Johannesburg na Cape Town. Onyesho la Durban lilitolewa kama albamu mwaka 2024.

Hatua ya 8: Usiukwepe mwisho

Wapenzi wengi huishia miaka ya 90 kwa sababu sauti ilibadilika. Ilibadilika kweli. Lakini “Call You Tonight”, kwenye I Look to You, inaonyesha alivyojua kuitumia iliyobaki: anabaki katikati ya sauti, anaiacha melodi imbebe. Ule ustadi wa kujizuia uliosikika kwenye “Memories” haukuondoka na noti za juu.

Hatua ya 9: Chuja na upange

Kila wimbo usikilize mara tatu kwa siku tofauti. Ukiukumbuka bila kuusikia, ubakize. Chagua 12, kisha panga hivi: anza na za taratibu kama “Memories”, ongeza mdundo kwa “Who Do You Love” na “Love Will Save the Day”, ingiza injili, na funga na muunganiko wa 1994.

Jaribio la mwisho: ipige orodha yako mbele ya watu bila kutaja mwimbaji. Akijitokeza mtu akauliza “huyu ni nani?” katikati ya wimbo, huo usiuondoe kamwe. Sasa unaweza kurudi kwenye ule wa The Bodyguard. Safari hii usingoje apande. Sikiliza sekunde zile za mwanzo anazoimba peke yake, bila ala hata moja.