Nimeibiwa helmeti ya tatu, sinunui tena

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwanaume wa miaka 34, naishi Chanika na nafanya kazi ya uhasibu Posta. Usafiri wangu ni pikipiki, maana daladala za kwetu asubuhi unazijua. Tangu mwaka jana nimeibiwa helmeti tatu, zote nje ya jengo letu, mchana kweupe. Ya kwanza niliitundika kwenye saiti mira. Natoka saa kumi, hamna kitu. Ya pili niliifunga mkanda wake kwenye keria kwa kufuli ndogo. Nilikuta kufuli na kipande cha mkanda vinaning'inia, helmeti haipo. Ya tatu alininunulia mke wangu kwa shilingi laki moja na ishirini, pesa yake ya mchezo. Hiyo niliiacha kwenye siti, nikamwomba mlinzi wa getini aiangalie. Jioni akasema hajaona kitu. Tangu siku hiyo simsalimii, maana najua anajua.

Kuingia nayo ndani siwezi. Ofisi yetu ni ya watu wa suti, na siku moja niliyojaribu, dada wa mapokezi aliniuliza mbele ya wateja nimeleta mzigo wa nani. Niliona aibu sana.

Sasa naendesha kichwa wazi. Mke wangu nimemwambia helmeti nimeisahau ofisini, wiki ya pili hii. Juzi kijana mmoja kijiweni Buguruni kanionyesha moja nzuri, elfu ishirini tu, ila mkanda umeshonwa upya. Nichukue? Au niachane na helmeti kabisa? Nimechoka, Mjomba.

Mpwa wako, Chanika

Marahaba mpwa wangu, na pole. Kuibiwa mara tatu mahali pamoja kunamfanya mtu amwone kila anayepita ni kibaka.

Nianze na la haraka, kwa sababu huenda kesho ukapita Buguruni: hiyo ya elfu ishirini usiichukue. Soma tena barua yako mwenyewe. Helmeti yako ya pili iliondoka ikaacha kipande cha mkanda kwenye kufuli. Hiyo unayouziwa mkanda umeshonwa upya. Sisemi ndiyo yako, ila jiulize mkanda wa helmeti nzima unakatikaje. Ni utepe wa nailoni, wembe unaupitia mara moja. Mwizi anaondoka na gamba, fundi viatu anashona utepe mwingine bila kuuliza, kijana anasimama nayo kijiweni. Mnunuzi anayesubiriwa mwishoni ni mtu kama wewe, aliyeibiwa juzi na sasa anataka kupunguza hasara. Yeye ndiye anayemlipa mwizi mshahara. Na Kanuni ya Adhabu haimwachi: anayepokea mali ya wizi huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa, ni mkosaji naye.

Tuweke sheria pembeni, tuutazame mkanda wenyewe. Ule wa kiwandani umekazwa kwenye gamba kwa ribiti pande zote mbili, umepimwa ushike helmeti kichwani wakati wewe unabiringika. Uzi wa fundi viatu haujapimwa kwa chochote. Ukianguka, pigo la kwanza linaweza kuing'oa helmeti, na pigo la pili likakipata kichwa kitupu. Kuna jingine ambalo wengi hawalijui. Ile lebo yenye herufi E na namba ndani ya duara, inayoonyesha helmeti imepita kipimo cha kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa, kwa kawaida hushonwa kwenye mkanda huohuo. Mkanda ukikatwa, lebo imekwenda nao. Basi unapouziwa helmeti yenye mkanda mpya na stika ya DOT inayong'aa kisogoni, kumbuka stika huchapishwa na yeyote mwenye mashine.

Halafu hujui imeshaanguka mara ngapi. Ndani ya gamba kuna povu gumu jeupe, jamii ya lile linalofungiwa televisheni mpya. Kazi yake ni kubonyea ili nguvu ya pigo iishie pale badala ya kufika kwenye ubongo, na likishabonyea halirudi. Gamba linaweza kupigwa rangi likameremeta wakati povu limeshamaliza kazi yake katika ajali ya mtu mwingine. Kwa sababu hiyohiyo ningekukataza kuitundika kwenye saiti mira hata kama Dar nzima isingekuwa na mwizi: kioo na chuma chake vinalibonyeza povu kidogo kidogo kila siku.

Unauliza kama uachane nayo kabisa. Mwaka 2008 watafiti wa Cochrane walichapisha uchambuzi wa tafiti 61 kuhusu helmeti za pikipiki. Waliona kwamba zinapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Wewe kutoka Chanika hadi Posta unavuka TAZARA, pale Nyerere inapokutana na Mandela, katikati ya malori yanayokwenda na kutoka bandarini. Sina haja ya kukuhubiria zaidi.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niichague barua yako kati ya zilizo mezani. Umeandika mengi kuhusu mwizi na kidogo tu kuhusu dada wa mapokezi, lakini mimi jibu nimelikuta pale mapokezini. Helmeti iliyoingia ndani haiibwi nje. Hilo unalijua, na sababu ya kutolifanya umeitaja mwenyewe: hutaki kudhaniwa bodaboda. Ili usiulizwe tena "mzigo wa nani", umelipa helmeti tatu, mojawapo ya laki na ishirini. Bei kubwa sana kwa swali dogo. Na bodaboda wamewakosea nini? Hao wenzako wa suti, foleni ikikaza na kikao kimeanza, wanampigia nani simu?

Siku nyingine dada akiuliza, mjibu kwa tabasamu, "Wa kichwa changu," uendelee na safari yako. Ikiwa bado unaona uzito, mpelekee fundi cherehani kitambaa kigumu akushonee mfuko wa kamba, helmeti iingie humo na kukaa chini ya meza yako. Hakuna atakayejua kama ni helmeti au ni mpira wa watoto. Kisha nenda kwa ofisa utawala, si kwa mapokezi, uombe kona ya stoo au ndoano chache ukutani. Nina hakika humo ndani si wewe peke yako mwenye pikipiki. Wapo wanaoficha kama wewe.

Kuna mahali huwezi kuibeba: msibani, sokoni mikono imejaa mizigo, dukani wasikoruhusu. Hapo ndipo kufuli linapohusika, na kosa lako lilikuwa kulipitisha kwenye mkanda. Tafuta waya mrefu wa chuma uliovishwa plastiki, aina ile ya kufungia baiskeli, wa namba au wa ufunguo. Ikiwa helmeti ni ya kufunika uso mzima, ingiza waya kwenye uwazi wa macho, utokee chini ya kidevu, kisha uzungushe kwenye fremu ya pikipiki. Hapo mwizi itabidi akate waya au aharibu gamba, na helmeti iliyovunjwa kidevu haiuziki Buguruni wala popote. Waya hauzuii mtu mwenye koleo na nafasi ya kutosha. Unamzuia anayepita akiangaza huku na huku, na huyo ndiye aliyekuibia wewe. Kagua kitu kimoja kabla ya kuondoka: waya usizungushwe kwenye saiti mira au keria iliyolegea, kwa sababu vyote viwili hufunguliwa kwa spana moja.

Helmeti ya nusu, ile isiyo na kidevu, haina pa kupitisha waya zaidi ya mkanda. Hiyo ibebe tu. Baadhi ya pikipiki, hasa Honda za zamani, zina kindoano cha helmeti ubavuni chini ya siti, kinachofungwa kwa ufunguo. Angalia yako, watu wengi wanacho na hawajawahi kukigusa. Kizuri chake ni kwamba kipo tayari. Ubaya wake kinashika ile pete ya mkanda, kwa hiyo wembe bado unakishinda. Kitumie ukiingia dukani kununua vocha, usikitumie ukiingia kazini hadi jioni. Na mvua za masika zikianza, helmeti inayoning'inia kichwa chini inakusanya maji kama ndoo. Utaivaa ikiwa imelowa sponji yote.

Ukitaka kumaliza kabisa, funga boksi la nyuma. La lita 30 hivi linameza helmeti moja ya uso mzima. Mwambie fundi vichwa vya bolti vikae chini na nati zikae ndani ya boksi, halafu kichwa cha kila bolti akichomelee tone moja kwenye keria. Mafundi wengi hufanya kinyume, wanaacha nati zote chini, na mwizi anaondoka na boksi pamoja na kilichomo. Simama hapohapo akifanya kazi, usimwachie maelekezo ukaenda kunywa chai.

Tia alama pia. Andika jina na namba ya simu kwa kalamu isiyofutika kwenye kitambaa cha ndani na kwenye mkanda, sehemu inayofichwa na shavu. Usipige rangi ya kupuliza kwenye gamba, wala usilisafishe kwa petroli au thina: magamba mengi ya bei ya kawaida ni ya plastiki, na kemikali hizo huyadhoofisha bila kuonyesha ufa. Ukiibiwa tena, nenda polisi uchukue RB. Huenda helmeti isirudi, lakini siku ukiikuta kwa mtu utakuwa na karatasi ya kusimamia na jina lako litakuwa ndani ya sponji.

Nimefika kwa mlinzi. Umesema unajua kwamba anajua. Unajuaje? Katika barua yako sioni ushahidi hata mmoja. Uliacha helmeti juu ya siti, ukamwomba kwa mdomo, naye ana geti la kufungua, magari ya kuandika na wageni wa kuelekeza. Huenda kweli hakuona. Huenda aliona akanyamaza. Lakini kumnyima salamu mtu unayepita mbele yake kila siku ni kumhukumu bila kesi, na kwa upande wa faida umejikosesha macho ya pekee yaliyoko nje ya jengo lenu. Kesho msalimie. Mwambie wazi, "Ndugu yangu, nilikasirika, nikakufikiria vibaya, na sina hakika." Ikiwa ana kibanda chenye mlango, muulize kama siku mojamoja unaweza kuiweka humo, na mkubaliane kitu cha chai kwa wiki. Ombi la bure linasahaulika saa sita mchana. Makubaliano yenye kiasi na saa ya kuchukua yana uzito wake.

Mwisho mke wako. Alitoa pesa yake ya mchezo kwa sababu anataka urudi nyumbani mzima, nawe kila asubuhi unamuaga kichwa wazi ukiwa na hadithi ya ofisini. Wiki mbili anakutazama unavyoondoka, usidhani hajashtuka. Mwambie leo usiku imeibwa, iliibwa vipi, na umepanga kufanya nini. Atakasirika, ana haki. Usimwombe anunue nyingine. Hii ya nne itoke mfukoni mwako.

Kwa hiyo kesho asubuhi pikipiki ibaki nyumbani. Panda daladala hata kwa kusimama, na jioni upitie dukani Kariakoo. Ukiivaa helmeti, ikubane mashavu kidogo. Ukitikisa kichwa, isicheze. Ukifunga mkanda na kuivuta kutoka kisogoni kwenda mbele, isitoke. Soma lebo kwenye mkanda, omba risiti, na ununue waya wako palepale. Hadi siku utakapokuwa nayo kichwani, funguo za pikipiki mkabidhi mke wako.

Mjomba