Mashua Yaachwa Nyuma: Tatizo ni Chombo au ni Nahodha?

Nahodha, kila mashindano tunaachwa. Tushone tanga jipya?

Kabla ya kwenda kwa fundi, mwombeni yule anayewashinda mbadilishane vyombo jioni moja. Akiwashinda tena akiwa ndani ya mashua yenu, pesa ya tanga iwekeni. Mara nyingi huwa hivyo. Tazameni pia maji nyuma ya usukani: mkondo ukipindapinda kama nyoka, aliyeshika usukani anagombana na chombo, na kila akiusukuma pembeni anapunguza mwendo.

Hayo si maneno ya wazee tu?

Basi tazameni Olimpiki. Boti za Laser ziliingia huko mwaka 1996. Zote ni za aina moja, tanga ni la mita za mraba 7.06, na waandaaji ndio wanaozigawa. Hakuna anayekuja na mlingoti wake wa siri. Hata hivyo miaka ya mwanzo walioshinda ni walewale. Robert Scheidt wa Brazil alichukua dhahabu 1996, fedha 2000, dhahabu tena 2004. Ben Ainslie wa Uingereza alipata fedha 1996 na dhahabu 2000, kisha akahamia boti za Finn, ambako kila mtu alikuja na mlingoti na tanga alilojichagulia. Huko nako akashinda 2004, 2008 na 2012. Alibadili chombo, ujuzi akahama nao. Vifaa vya Finn alivishughulikia sana, sikatai, lakini alivikuta ameshajua kusoma upepo.

Kwa hiyo kurekebisha chombo ni kazi bure?

La, ila kuna mpangilio. Kwanza maji yakitoka ikwangueni mashua chini. Ukoga na magamba huiba mwendo kuliko tanga kuukuu. Pili farumi: viroba vya mchanga vikirundikwa nyuma, tezi huzama na chombo huburuta maji. Mambo ya foromali na tumbo la tanga yaje baadaye. Upepo mkali wa kusi hutaka tanga bapa, upepo mwanana hutaka tanga lenye tumbo kidogo.

Wanaoanza hukosea wapi zaidi?

Kwenye demani. Wanaivuta mpaka mikono inawauma, wakidhani tanga lililokazwa ndilo lenye nguvu. Ilegezeni hadi ukingo wa mbele wa tanga uanze kupigapiga, kisha vuteni taratibu. Ukitulia tu, acheni hapo hapo. Upepo ukihama, rudieni. Kosa la pili ni la mabaharia. Mashua za Lamu huweka vijana kwenye ubao uliotokeza upande wa upepo, na kijana mmoja akichelewa kuhama mnapopiga bisho, mashua husimama na wenzenu wanapita.

Tufanye mazoezi gani?

Mashua mbili, sambamba, upepo mmoja. Rekebisheni kitu kimoja tu kwa mmoja wenu, mkimbie, kisha mkirudishe kilivyokuwa na mkimbie tena. Mkibadili vitatu kwa pamoja hamtajua kilichosaidia. Siku nyingine tieni boya mlizunguke. Mkiweza kugeuza mara kumi mfululizo, foromali inapita mbele ya mlingoti bila kelele na mashua haisimami, hapo njooni tuzungumze habari za tanga jipya.