Kwaresima: Watu Waone Nini Kwetu?

Masomo: Isaya 58:1-12, Mathayo 5:14-16, Mathayo 6:1-18, Kumbukumbu la Torati 24:6

Lengo la somo: Kuelewa ni kitu gani katika imani yetu kinapaswa kuonekana na watu wakati wa Kwaresima, na ni kitu gani kibaki kati yetu na Mungu.

Somo hili lisomwe nyumbani, baba na mama pamoja na watoto, kisha tulijadili katika vikundi vya maombi. Kila mmoja awe na Biblia yake, au akae karibu na aliye nayo.

1. KWARESIMA NI NINI?

Kwaresima ni siku 40 za kujiandaa kwa Pasaka. Zinaanza Jumatano ya Majivu na kuishia Jumamosi ya kuamkia Pasaka. Jumapili hazimo katika hesabu hiyo, kwa sababu kila Jumapili ni siku ya ufufuo. Hesabu ya 40 inatukumbusha Musa mlimani (Kutoka 34:28), Eliya akienda Horebu (1 Wafalme 19:8), na Bwana wetu jangwani (Mathayo 4:2).

Wengi wetu tulilelewa katika makanisa yasiyoshika Kwaresima. Huko Kivu wengine tulisema hayo ni mambo ya Wakatoliki. Lakini hapa Dzaleka tumejikuta kwenye benchi moja na Mwanglikana, Mlutheri, Mmethodisti na Mpentekoste. Ni kweli hakuna aya inayotuamuru kushika siku hizi. Hata hivyo toba, sala, kufunga na sadaka vimo katika Biblia nzima, na si vibaya kanisa kuvitengea majira yake, kama mkulima anavyotenga majira ya kupalilia.

2. MANENO MAWILI YA BWANA

Katika Mathayo 5:14-16 Yesu anatuambia kwamba sisi ni nuru, na kwamba taa haiwashwi ili ifunikwe. Watu wayaone matendo yetu mema. Tukigeuza ukurasa mmoja tu, katika Mathayo 6:1-18, anatuonya tusifanye wema ili tutazamwe na watu. Sadaka iwe ya siri, sala iwe ya siri, kufunga kuwe kwa siri. Tukifunga, tunawe uso.

Je, Bwana amejipinga? Hapana. Tuulize swali moja: sifa inakwenda kwa nani? Katika sura ya 6 mtu anafanya wema, na sifa inarudi kwake mwenyewe. Katika sura ya 5 watu wanaona wema, na sifa inakwenda kwa Baba aliye mbinguni. Tena, kinachoonekana katika sura ya 6 ni uso wa mtu: amekunja sura, amekauka midomo, anataka aulizwe kama amefunga. Kinachoonekana katika sura ya 5 ni tendo lililomfikia mtu mwingine.

Kwa hiyo fundisho ni hili: ficha njaa yako, usifiche mkate wako. Jirani asijue kwamba leo hukula. Ila ajue kwamba leo yeye amekula.

3. KWARESIMA ILIYOONEKANA HAPA MALAWI

Nchi hii inayotuhifadhi ina ushuhuda wake juu ya jambo hili, na ni vizuri watoto wetu waujue.

Jumapili ya kwanza ya Kwaresima mwaka 1992, tarehe 8 Machi, barua moja ilisomwa katika makanisa yote ya Katoliki ya Malawi. Iliandikwa na maaskofu wa nchi, akiwemo Askofu Mkuu James Chiona wa Blantyre na Askofu Matthias Chimole wa Lilongwe. Kichwa chake kwa lugha yetu ni Kuishi Imani Yetu. Wakati huo Malawi ilikuwa na chama kimoja, chini ya Rais wa Maisha Hastings Kamuzu Banda, na watu walipima kila neno kabla ya kulitamka.

Barua ile haikueleza jinsi maaskofu wanavyosali wala wanavyofunga. Ilizungumza juu ya wengine: shule zilizojaa na elimu iliyoshuka, wagonjwa wasiotibiwa kwa usawa, mshahara usiotosha, rushwa, pengo kati ya tajiri na maskini, na watu wasio na uhuru wa kusema lililo kweli. Ilisomwa, watu wakarudi majumbani.

Baada ya siku chache maaskofu waliitwa polisi na kuhojiwa. Serikali ikasema barua ile ni ya uchochezi. Mmoja wao, Monsinyori John Roche kutoka Ireland, aliyeongoza jimbo la Mzuzu, alifukuzwa nchini. Lakini taa ilikuwa imekwisha kuwekwa mezani. Mwezi Juni mwaka huohuo viongozi wa kanisa la CCAP nao walimwandikia rais. Tarehe 14 Juni 1993 wananchi walipiga kura, na karibu theluthi mbili walichagua vyama vingi. Mei 1994 ukafanyika uchaguzi, na utawala ukabadilika.

Sasa tuangalie hapa tunapokaa. Katika enzi zile Dzaleka ilikuwa gereza, na waliofungwa humu ni pamoja na watu walioonekana kuwa wapinzani wa serikali. Wenyeji wanatueleza kwamba jina lenyewe linatokana na neno la Kichewa kuleka, yaani kuacha: anayeletwa hapa ataacha mambo yake. Mwaka 1994 mahali hapa pakafunguliwa kwa ajili yetu wakimbizi. Sisemi kwamba barua moja ilifanya yote hayo. Waliofanya kazi ni wengi, na wengine waliteswa miaka mingi kabla yake. Ninasema kwamba Kwaresima moja kanisa lilikubali kuonekana kwa ajili ya wengine, na matunda yake yaliifikia nchi nzima, Wakristo na wasio Wakristo.

4. KUFUNGA UKIWA TAYARI NA NJAA

Mtu atasema: "Mchungaji, maaskofu walikuwa na chakula. Sisi mgao umepunguzwa, tunakula mara moja kwa siku. Tufunge nini tena?" Swali hilo ni la haki. Kambi hii ilipangwa kwa watu 10,000 au 12,000, na leo tumezidi 50,000. Isitoshe, Kwaresima huangukia miezi ambayo hata Wamalawi wenyewe ghala zao ni tupu, kwa sababu mahindi huvunwa kuanzia Aprili. Machi 2023, katikati ya Kwaresima, kimbunga Freddy kiliua mamia ya watu kusini mwa nchi. Machi 2024, tena katika Kwaresima, rais alitangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28 kwa sababu ya ukame.

Tumtazame Eliya. Yeye alikuwa mkimbizi kama sisi, akikimbia upanga wa Yezebeli. Alipolala chini ya mti akitamani kufa, Mungu hakumwambia afunge. Alimpa usingizi, mkate na maji, mara mbili, ndipo akatembea siku 40 (1 Wafalme 19:4-8). Basi mama mjamzito, mama anayenyonyesha, mtoto, mzee dhaifu, na kila anayemeza dawa za kila siku, wasiache chakula. Wale, na wamshukuru Mungu. Mtu yeyote asiwaite wadhaifu wa imani.

Kwa wote, wanaoweza kuacha chakula na wasioweza, iko saumu ya Isaya 58. Watu wa wakati ule walifunga, na siku hiyohiyo wakawakandamiza wafanyakazi wao na kugombana kwa ngumi. Mungu akawaambia saumu anayoipenda yeye: kufungua vifungo vya uovu, kumwacha huru aliyeonewa, kugawana chakula na mwenye njaa, kumkaribisha maskini asiye na pa kulala. Huku nako ni kuacha. Tena ni kuacha kunakowezekana hata kwa mtu ambaye sufuria yake ni tupu.

5. JIWE LA KUSAGIA

Hapa ndipo somo linapotugusa sisi wa nyumbani mwa Bwana.

Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuchukua jiwe la kusagia la mtu kuwa rehani. Kwa nini? Kwa sababu bila jiwe hilo familia haisagi nafaka, na isiposaga haili. Anayelichukua amechukua uhai wa nyumba. Katika Nehemia 5 watu walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa, na waliowakopesha walikuwa ndugu zao wenyewe. Nehemia hakunyamaza. Aliita mkutano, akawataka warudishe, na akaanza na nyumba yake mwenyewe.

Jiwe la kusagia la Dzaleka ni lipi? Ni kadi ya mgao. Ni simu ambayo mama anapokelea pesa za chakula. Ni cherehani ya fundi, ni jembe la mzee anayelima vibarua. Kama kuna Mkristo anayeshika kitu cha namna hiyo cha mjane kwa sababu ya deni, yeye anafunga saumu gani? Anaweza kukesha siku 40, akaimba kwenye kwaya, akapakwa majivu kwenye paji la uso, na bado jiwe la kusagia la ndugu yake liko chini ya kitanda chake.

Sisemi deni lisilipwe. Deni ni deni, na aliyekopa alipe kadiri anavyoweza, na akubaliane na mwenzake mbele ya wazee. Ila kitu kinacholisha watoto kirudi kwao kabla ya Pasaka. Na tuanze na sisi wachungaji, wazee wa kanisa na mashemasi. Tukirudisha, hatutahitaji spika kutangaza. Mtaa mzima utajua.

6. MAMBO YANAYOWEZA KUONEKANA WIKI HIZI

Unga wa Jumatano. Kila nyumba inayoweza ilete kikombe kimoja cha unga au maharage. Kitaingia katika gunia moja, bila majina. Mashemasi watapeleka jioni kwa waliokosa. Wasipige picha, wala mpokeaji asiitwe mbele ya kanisa. Umaskini wa mtu si tangazo.

Haki katika kugawa. Katika Matendo 6:1-6 waumini wa lugha ya Kiyunani walilalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuwafukuza wala hawakuwaita wachochezi. Kanisa lilichagua watu saba, na majina yao yote ni ya Kiyunani. Sisi pia, Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda, tuhakikishe kwamba wanaogawa wanatoka katika kila lugha, na kwamba lalamiko linasikilizwa.

Ulimi. Tuache majina ya kudharau makabila tuliyokuja nayo kutoka vita vyetu. Mtoto akimsikia baba anayatamka nyumbani, atayapeleka kwenye bomba la maji na shuleni. Jumapili moja ya Kwaresima tubadilishane mabenchi: ukae na mtu ambaye kabila lake liliogopwa kwenu. Salamu hiyo ni mahubiri.

Wageni. Mnakumbuka mwaka 2023, wakati serikali ilipoagiza wakimbizi waliokuwa wakikaa Lilongwe na sehemu nyingine warudi kambini. Familia zilifika zikiwa na magodoro na watoto, bila paa. Aliyewapa wageni hao kona ya nyumba yake aliitimiza Isaya 58:7 kwa vitendo. Hata leo wapo ambao hawajapata pa kujiegesha. Tuwatafute.

Wenyeji wetu. Wakulima wa vijiji vya Dowa nao wana njaa miezi hii. Tusiguse mahindi mabichi ya mtu. Tukilima kwao, tulime kwa uaminifu. Zikomo yetu iwe ya kweli.

Jirani Mwislamu. Miaka hii Ramadhani na Kwaresima zinakutana. Mwaka 2025 zilianza kwa kupishana siku chache tu. Ndugu Msomali au Mwethiopia aliyefunga tangu alfajiri naye anamtafuta Mungu. Tupunguze sauti za vyombo vyetu usiku, na tumsalimu kwa heshima.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni tendo gani jema ulilofanya ambalo sifa yake ilirudi kwako? Lingefanywaje ili sifa iende kwa Mungu?
2. Soma Nehemia 5:1-13. Kwa nini Nehemia aliwaambia hadharani waliokuwa wakikopesha?
3. Je, nyumbani mwako kuna jiwe la kusagia la mtu mwingine? Utalirudisha siku gani?
4. Ni nani katika mtaa wako anayesahauliwa wakati wa kugawa? Anasema lugha gani?

SALA

Baba yetu, ulimlisha Eliya alipokimbia, utulishe na sisi. Utufundishe kuficha yaliyo ya siri na kutoa yaliyo ya jirani. Ulainishe mioyo yetu tuliowashikia wengine vitu vyao, na tuwarudishie kabla ya siku ya ufufuo wa Mwanao. Uwabariki wenyeji wetu wa Malawi kwa mavuno. Katika jina la Yesu, Amina.

Kazi ya wiki: jifunze Isaya 58:6-7 kwa moyo, watu wazima na watoto. Mungu awabariki.