Maji Magumu ya Griftu na Samaki wa Tangini

Anayetaka kufuga tilapia au kambale Griftu, huku Wajir, huulizwa kwanza maji atayatoa wapi. Ni swali la haki: Wajir hupata mvua ya karibu milimita 300 tu kwa mwaka. Lakini tangi likishajaa, kinachoua samaki mara nyingi ni amonia wanayoitoa wao wenyewe, hasa kupitia matamvua.

Fanya hesabu. Kilo moja ya chakula chenye protini asilimia 30 huacha majini takribani gramu 28 za naitrojeni ya amonia. Katika tangi la lita 5,000, hiyo ni zaidi ya miligramu 5 kwa kila lita, kutokana na kilo moja tu. Ukali wake hutegemea joto na pH. Maji yakiwa na nyuzi 25 na pH 7, sehemu iliyo sumu kali haifiki asilimia moja. Kwenye nyuzi 30 na pH 8 hupanda hadi kama asilimia 7, na pH ikifika 9 hukaribia nusu. Joto tunalo mwaka mzima, na maji mengi ya visima vya Wajir hupita kwenye mawe ya chokaa, kwa hiyo ni magumu na pH yake huelekea juu.

Maji hayohayo yana faida ambayo wafugaji wengi hawaijui. Kuna bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa kwa samaki. Kazi hiyo hula alkali ya maji: kila gramu ya naitrojeni humaliza gramu 7 hivi. Penye maji laini, mfugaji hununua chokaa. Huku ardhi imekwisha kuiweka. Na kisima chenye chumvi kidogo huwakinga samaki, kwa kuwa kloridi huizuia nitriti isiingie kwenye damu kupitia matamvua.

Bakteria hao wanahitaji makazi. Pipa la lita 200 lililojazwa vifuniko vya chupa au vipande vifupi vya bomba la plastiki hutosha kuwa chujio la kuanzia. Kokoto pia hufaa, ila huziba upesi. Kinyesi na mabaki ya chakula vituame kwanza kwenye chombo kingine, kisha maji yapite kwenye pipa, na yote ya tangini yazunguke angalau mara moja kila saa moja au mbili.

Usiwaweke samaki siku ya kwanza. Tia chakula kidogo kila siku, pima amonia na nitriti, usubiri vyote vipande kisha vishuke hadi sifuri. Huchukua wiki 4 hadi 6, na nakusihi usizifupishe, maana hapa ndipo wengi hupoteza vifaranga waliowasafirisha kutoka mbali kwa gharama kubwa. Ukipata vifuniko kutoka kwenye chujio la mwenzako linalofanya kazi, muda hupungua sana.

Bakteria hupumua pia. Pampu ya sola ikizimika jua likizama, chujio hukosa oksijeni na bakteria huweza kuanza kufa usiku huohuo. Kwa hiyo nunua betri kabla ya kuongeza samaki. Kambale huweza kuvuta hewa juu ya maji, lakini bakteria hawana uwezo huo. Chujio likichafuka, lioshe kwa maji ya tangini, nusu yake tu kwa siku moja. Maji yenye klorini huwaua bakteria.

Tandika mikeka juu ya tangi. Kivuli hupunguza joto na huzuia ukijani wa mwani, ambao hupandisha pH mchana. Ndiyo maana amonia na pH vipimwe alasiri, hali ikiwa mbaya zaidi. Kivuli pia hupunguza uvukizi wa maji. Maji yakipaa, chumvi hubaki, na ukijazia tu bila kutoa mengine, tangi hukolea mwezi hadi mwezi. Toa sehemu kila wiki.

Maji unayoyatoa yamejaa nitrati. Mwagilia miti au mboga zinazovumilia chumvi, wala usiwanyweshe mbuzi, ng'ombe au ngamia: tumboni mwao nitrati hurudi kuwa nitriti, ambayo huizuia damu kubeba oksijeni. Weka uzio pale maji yanapomwagika.