Kuchagua Kadi ya Michoro kwa Mchezo wa Urukaji wa Ndege: Pima Kazi Kabla ya Kununua Chombo

Katika Nanganga, penye njia panda ya barabara iendayo Masasi na ile iendayo Ruangwa na Nachingwea, bonde la mto Lukuledi huonekana kwa macho ya mtu aliyesimama chini. Leo kompyuta inaweza kumwonyesha mwanafunzi bonde hilohilo kama linavyoonekana na rubani. Mashine za kumfundishia rubani pasipo kuondoka ardhini si jambo jipya: Edwin Link wa Marekani alitengeneza ya kwake mwaka 1929, na kampuni ya Microsoft ilitoa mchezo wake wa kwanza wa aina hii kwa kompyuta mwaka 1982. Jambo jipya ni kwamba michezo ya sasa huichora dunia nzima, na kazi hiyo ni nzito mno.

Kwa hiyo kila toleo jipya linapotangazwa huzuka swali moja: ninunue kadi gani ya michoro? Kwa shule yenye fedha kidogo, jibu baya ni hasara isiyorudishika. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hili hujibiwa kwa hesabu, wala si kwa sifa za matangazo.

1. Kazi ya kadi ya michoro

Picha katika kioo cha kompyuta imejengwa kwa nukta ndogo za rangi. Prosesa kuu ya kompyuta hukokotoa mwendo wa ndege, nguvu ya upepo juu ya mabawa na hali ya hewa. Kisha huikabidhi kadi ya michoro orodha ya maumbo: vilima, miti, nyumba na mawingu. Kadi ndiyo inayoamua rangi ya kila nukta. Ndani yake mna vikokotoo vidogo vingi vinavyofanya kazi kwa pamoja, mfano wa wanakijiji wanaopalilia shamba moja, kila mmoja na tuta lake.

Tuihesabu kazi hiyo. Kioo cha kawaida kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu:

1,920 × 1,080 = nukta 2,073,600.

Ili mwendo uonekane laini, tuseme picha 30 zinahitajika kila sekunde:

2,073,600 × 30 = nukta 62,208,000 kwa sekunde.

Kioo cha nukta 3,840 kwa 2,160 kina nukta mara 4 ya hizo, na kioo cha 1,280 kwa 720 kina chini ya nusu yake. Basi sharti la kwanza ni hili: jua kioo chako kabla ya kuchagua kadi. Kadi ya bei kubwa iliyounganishwa na kioo kidogo ni sawa na lori la tani 10 lililotumwa kuchukua gunia moja la korosho.

2. Kwa nini picha 30?

Ndege ndogo iendayo kilomita 200 kwa saa husafiri karibu meta 56 kila sekunde. Ikifuata barabara ya Nanganga hadi Ruangwa, yenye urefu wa karibu kilomita 53, itatumia dakika 16 hivi. Kwa picha 30 kila sekunde, ndege husogea chini ya meta 2 kati ya picha moja na nyingine. Kwa picha 10 husogea zaidi ya meta 5, na rubani anayejaribu kutua huiona njia ikimrukia kwa vishindo. Kwa upande mwingine, urukaji wa ndege ya abiria hauhitaji kasi ya picha inayotakiwa katika michezo ya mapigano. Anayelipia picha 120 kwa sekunde hulipia kitu ambacho huenda asikitumie.

3. Kumbukumbu ya kadi

Kadi ina kumbukumbu yake yenyewe, ambamo huhifadhi picha za ardhi na maumbo ya majengo. Kumbukumbu hiyo ikijaa, kadi hulazimika kuagiza vitu kutoka kumbukumbu kuu ya kompyuta iliyo mbali zaidi, na picha hukwama. Kwa toleo la Microsoft la mwaka 2024, watengenezaji walitaja gigabaiti 4 za kumbukumbu ya kadi kuwa kima cha chini, 8 kuwa kiasi kinachofaa, na 12 kwa picha bora kabisa. Kumbukumbu kuu iliyotajwa ni gigabaiti 16, 32 na 64 kwa mfuatano huo. Msomaji aone kwamba kadi nzuri katika kompyuta yenye kumbukumbu kuu haba haitasaidia.

4. Jaribio la kutafuta kizuizi

Mnyororo hukatika penye pete dhaifu. Je, udhaifu uko kwenye kadi au kwenye prosesa? Fanya jaribio hili kwa kompyuta uliyo nayo:

(a) Rusha ndege ileile, mahali palepale, hali ya hewa ileile. Andika idadi ya picha kwa sekunde.

(b) Punguza ukubwa wa picha kutoka 1,920 × 1,080 hadi 1,280 × 720, pasipo kubadili kitu kingine. Andika tena.

Ikiwa idadi imepanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imeelemewa, na kuibadili kutaleta faida. Ikiwa haikupanda, prosesa ndiyo inayochelewesha, na fedha za kadi mpya zitapotea bure. Rudia jaribio juu ya jiji la Dar es Salaam, kwa kuwa majengo mengi ni mzigo mkubwa kuliko bonde la Lukuledi.

5. Umeme na mtandao

Kadi hutofautiana sana kwa matumizi ya umeme. Kadi ya GeForce RTX 4060 ya mwaka 2023 imepangiwa wati 115. RTX 4080 imepangiwa wati 320. Tuseme kompyuta nzima na kioo chake vinatumia wati 300. Kwa saa 3 itatumia 300 × 3 = saa-wati 900, yaani uniti 0.9 za Luku. Anayetumia umeme wa jua au jenereta lazima azijumlishe wati zote na kuacha nafasi ya ziada.

Mtandao nao ni sehemu ya mnyororo. Toleo la mwaka 2024 huvuta picha za ardhi kwa intaneti wakati wa kuruka, na kima cha chini kilichotajwa ni megabiti 10 kwa sekunde. Pasipo mtandao wa kutosha, kadi yoyote itachora vilima visivyo na sura. Ipo programu ya FlightGear, iliyoanza miaka ya 1990, inayotolewa bure. Ramani zake zinaweza kupakuliwa mapema na kutumiwa pasipo intaneti, na huridhika na kadi za kawaida zaidi. Kwa shule nyingi hapo ndipo pa kuanzia.

6. Usinunue mapema

Toleo la Microsoft la mwaka 2020 lilitangazwa Juni 2019 na kutolewa Agosti 2020. Mwezi mmoja baadaye, Septemba 2020, kampuni ya Nvidia ilianza kuuza kizazi kipya cha kadi. Aliyenunua kadi ghali siku ya tangazo alinunua kabla ya kujua mchezo utahitaji nini. Kungoja nako kuna hatari: kadi ziliadimika baada ya hapo na bei zikapanda. Hata hivyo, aliyepima kwanza hujua kiasi anachohitaji, naye huweza kutosheka na kadi ya kati.

Nachingwea inalo somo la zamani juu ya jambo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa na reli ikajengwa kabla udongo na mvua havijachunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 mpango uliachwa, baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Mashine zilikuwa na nguvu. Kilichokosekana ni kipimo.

Maswali

1. Kioo kina nukta 2,560 kwa 1,440. Kadi italazimika kuchora nukta ngapi kwa sekunde kwa picha 30?

2. Gigabaiti 50 zitachukua saa ngapi kupakuliwa kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde? (Baiti 1 ni biti 8.)

3. Shule ina kifaa cha umeme wa jua kinachoweza kutoa wati 400. Kompyuta na kioo, bila kadi, vinatumia wati 180. Ikiwa wati 50 zitaachwa kuwa akiba, ni ipi kati ya kadi mbili zilizotajwa inayofaa? Eleza.

Majibu: (1) 110,592,000. (2) Saa 11 na dakika 7 hivi. (3) RTX 4060, kwa sababu wati zinazobaki kwa kadi ni 170.