Draiva Unayoitafuta Unayo Tayari

Wadogo zangu wa Kitui na Makueni, barua zenu zimebadilika. Zamani mliniuliza kuhusu karo ya chuo kikuu cha SEKU na wavulana wasiopokea simu. Siku hizi mnaniuliza kuhusu gemu. Chanzo nakijua: tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 haizitambui rasmi karibu prosesa zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Sasa niambieni, ni laptopu gani zilizojaa madukani Kitui mjini, Wote na Emali? Ni zile za ex-UK, EliteBook na ThinkPad na Latitude, nyingi zikiwa za kizazi cha nne hadi cha saba. Basi mmehamia Linux, wengine kwa hiari na wengine kwa kusukumwa, na pesa ya ndengu ikishaingia mnataka kucheza.

Nianze na kijana wa Mwingi, maana swali lake wameliuliza wengi. Ana EliteBook 840 G3, ameweka Linux Mint, gemu zinakwamakwama, na amekesha akitafuta mtandaoni draiva ya Intel ya Linux. Mdogo wangu, lala. Hayo ni mazoea uliyotoka nayo kwenye Windows, ambako kila kifaa kilidai faili lake. Kwenye Linux, draiva za picha za Intel na AMD zina sehemu mbili: moja imo ndani ya kerneli, na nyingine imo katika mkusanyiko wa programu huria uitwao Mesa. Zote mbili ziliingia siku ile ile ulipouweka mfumo. Ukisasisha mfumo, draiva nayo imesasishwa. Ukikuta tovuti inakupa faili la kupakua na kuapa kwamba ndilo draiva ya HD 520 ya Linux, lipite kama hukuliona.

Cha kuuliza ni kama hiyo draiva uliyo nayo inafanya kazi. Fungua terminali, andika inxi -G, ubonyeze Enter. Ukisoma mahali jina la Mesa likifuatwa na Intel HD Graphics 520, hapo hakuna ugonjwa. Ukisoma llvmpipe, ugonjwa umeupata: picha zote zinachorwa na prosesa peke yake, na chipu ya picha imekaa bure. Mara nyingi hali hiyo huletwa na neno nomodeset, ambalo fundi huliweka pale skrini inapokuwa nyeusi wakati wa kuweka mfumo, kisha akasahau kuliondoa. Lifute kwenye faili la /etc/default/grub, endesha sudo update-grub, uzime na kuwasha. Ni kazi ya dakika chache, na nimeona mtu akitozwa pesa za kubadilishiwa "kadi" kwa sababu ya neno hilo moja.

Kama llvmpipe haipo, basi fungua mfuniko wa chini uhesabu vipande vya RAM. Nitashangaa sana nikikosea: utakuta kimoja. Wauzaji wengi huweka kipande kimoja cha GB 8 na kuliacha tundu la pili wazi. Kwa kuandika barua haidhuru. Kwa gemu ni balaa, kwa sababu chipu ya Intel haina kumbukumbu yake yenyewe. Huchota kutoka kwa RAM ile ile inayotumiwa na prosesa, na kipande kimoja ni kama kisima chenye bomba moja asubuhi ya ukame, mitungi imepanga foleni mpaka barabarani. Vipande viwili vya GB 4 vitaichezesha gemu vizuri kuliko kimoja cha GB 8. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende hapo. Ile 840 G3 ina matundu mawili ya DDR4. Ile 840 G1 pia ina mawili, ila ya DDR3L, na hazibadilishani, kwa hiyo soma kibandiko kabla ya kuagiza Nairobi.

Nimeitaja G1 makusudi. Kwa macho, G1 na G3 ni mtu na nduguye, na muuzaji atakwambia tofauti ni miaka tu. Kwa gemu za Linux tofauti ni kubwa. Gemu nyingi tunazocheza ziliandikiwa Windows. Programu ya Proton, ambayo kampuni ya Valve waliitoa Agosti 2018 ndani ya Steam, duka lao la gemu, huzitafsiri amri zao za Direct3D ziwe lugha iitwayo Vulkan. Programu inayofanya tafsiri hiyo, DXVK, tangu toleo la 2.0 la Novemba 2022 inadai Vulkan 1.3. Intel ya kizazi cha sita, yaani G3, inaimudu. Intel ya kizazi cha nne, yaani G1, ina Vulkan nusunusu, na Mesa wenyewe watakuonya kwenye terminali kwamba haijakamilika. Mwenye G1 asilie. Kwenye Steam, katika sehemu ya kuandika masharti ya kuanzishia gemu, aweke PROTON_USE_WINED3D=1 %command%, na gemu nyingi za zamani zitapita njia ya OpenGL. Lakini ambaye bado hajanunua, ambaye pesa iko mfukoni, achague kizazi cha sita kwenda juu. Jina la prosesa litakwambia: i5-4300U ni kizazi cha nne, i5-6300U ni cha sita, i5-8350U ni cha nane. Usimsikilize anayekuuzia "i7" bila kutaja tarakimu zinazofuata.

Dada mmoja wa Wote ameniandikia kurasa tatu, na nampenda kwa hilo. Ana kompyuta ya mezani ya ofisini, ile HP nyembamba, na anataka kuitia kadi ya picha. Hapa twende polepole. Kompyuta hizo ndogo zina pawa saplai ya wati 200 hivi, na hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Tundu la kadi lenyewe halitoi zaidi ya wati 75. Kwa hiyo kadi kama RX 580, inayokula wati 185 na kudai waya wake, haitakufaa hata ukipewa bure. Tena kimo: sanduku jembamba linataka kadi fupi yenye kibano kifupi, na kibano hicho mara nyingi hupotea kwenye mitumba. Muulize muuzaji kama kipo kabla ya kutuma pesa.

Katika kadi fupi zisizohitaji waya, mimi ningechukua RX 550 au, mfuko ukiruhusu, RX 6400. Hiyo ya pili inatumia njia nne tu za PCIe, na kwenye bodi za zamani inapoteza nguvu kiasi, lakini bado inaishinda ile ya kwanza mbali. Sababu ya kupendelea AMD ni ile ile ya mwanzo: draiva yake imo ndani tayari, na inatunzwa. Steam Deck, mashine ya gemu ya Valve iliyotoka Februari 2022, ina chipu ya AMD na inaendeshwa na Linux, kwa hiyo Valve wanawalipa watu kuiboresha draiva ambayo wewe pia unaitumia kule Wote, bila senti yako.

NVIDIA si haramu. Kadi zao ni nzuri, lakini draiva yao kamili ni ya kampuni, inabidi uiweke mwenyewe kupitia Kidhibiti cha Draiva cha Mint, na ina umri wa kustaafu. GT 710, ambayo maduka ya mtumba yanaipenda mno, iliishia kwenye draiva namba 470, na huduma yake ilikwisha 2024. GT 730 nayo ni ya kizazi hicho au cha nyuma yake. Achana nazo. GTX 1050 Ti na 1060 zimeishia kwenye draiva namba 580; bado zinacheza, ila draiva mpya hazitaziangalia tena. GTX 1650 bado imo. Ukiweka draiva ya NVIDIA huku Secure Boot imewashwa, mfumo utakuomba nenosiri, kisha ukiwasha upya itatokea skrini ya buluu yenye maandishi. Usiiogope na usiipite: thibitisha kwa nenosiri lile, la sivyo draiva haitapakiwa, na utanitumia ujumbe saa tano usiku.

Wanaosafiri hadi Luthuli Avenue au Moi Avenue, Nairobi, kununua, bebeni flashi yenye Linux Mint. Mwambie muuzaji unataka kuiwasha mashine kwa flashi hiyo kabla ya kulipa. Hakuna kinachowekwa humo, na mwenye nia njema hatakataa. Angalia inxi -G, jaribu Wi-Fi, sauti, na kuilaza na kuiamsha. Nauli ya kurudi Nairobi kutoka Mutomo kubadilisha kifaa kibovu si ndogo, na anayetumiwa mzigo kwa matatu hana hata nafasi ya kubishana. Mnaotumiwa, ombeni video fupi ya jaribio hilo.

Halafu joto. Walio Kilungu na Mbooni warukie aya inayofuata, ninyi mna hewa yenu. Kibwezi, Makindu, Ikutha na Kyuso, sikilizeni: laptopu iliyotumika Ulaya miaka saba ina gundi ya joto iliyokauka juu ya prosesa, na vumbi letu jekundu humalizia kazi kwenye feni. Prosesa ikipata joto sana hujipunguzia mwendo yenyewe, na wewe unalaumu draiva. Fundi asafishe feni na kupaka gundi mpya. Kisha weka programu ya MangoHud, itakuonyesha nyuzi joto pembeni mwa skrini, na uifunge gemu kwenye fremu 30 kwa sekunde. Thelathini zisizoyumba ni tamu kuliko sitini zinazoanguka kila ukigeuka. Kwa kompyuta za mezani, stima ikipotea na kurudi kwa kishindo ndiyo huua pawa saplai, kwa hiyo UPS ndogo ni sehemu ya bei.

Na bando. Steam hupakua sheda za kila gemu, yaani vijiprogramu vya kuchora picha, mara kwa mara, kimyakimya. Kituo cha data cha taifa kiko Konza, ndani ya Makueni yetu, lakini MB bado tunazihesabu kidoleni. Kwenye mipangilio ya upakuaji, zima sehemu ya sheda. Gemu itasitasita dakika za mwanzo, kisha itatulia. SuperTuxKart na 0 A.D. unaweza kuzipata kwenye hazina ya Mint yenyewe bila Steam, na ukizipakua mara moja, huhitaji intaneti kucheza.

Narudi kwa dada wa Wote, kwa sababu ukurasa wa tatu ndio uliobeba siri: anataka kufungua banda la gemu, kompyuta nne za Linux, vijana wacheze mpira. Mpenzi, hapo nakuzuia. FIFA tangu toleo la 23, na EA FC zilizofuata, zina mlinzi wa kuzuia udanganyifu ambaye haikubali Linux. Fortnite na Valorant vilevile, na Apex Legends iliwafungia watu wa Linux mlango mwishoni mwa Oktoba 2024. Hakuna kadi wala draiva itakayobadilisha hilo, ni uamuzi wa wenye gemu. Wateja wako watataka FC mpya yenye majina ya msimu huu. Ukiwapa PES 2013 watacheka, japo inaendeshwa vizuri kabisa. Kwa banda nunua PlayStation mbili za mtumba na televisheni mbili. Kompyuta ya HP itie RX 550, iweke nyuma ya kaunta, uandikie hesabu zako na ucheze ukiwa umefunga mlango. Na kabla ya kununua gemu yoyote kwa ajili yake, ingia tovuti ya ProtonDB usome wenye kadi kama yako wamesema nini.