Dondoo muhimu: Jenereta ya dizeli ikigoma kuwaka
Kabla ya kulaumu stata, pima betri. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takribani 12.6 ikiwa imetulia. Ikiporomoka chini ya 9.6 unapowasha, ichaji kwanza, kisha pima tena. Ikibaki juu na stata inagonga mara moja tu, shuku nyaya. Ondoa waya wa hasi kwanza, tafadhali, ndipo usugue ukoko mweupe kwenye vichwa vya betri na kukaza. Waya wa ethi unaoshika kwenye bodi ya injini husahaulika mno. Ufungue pia, usafishe kutu. Injini inazunguka vizuri lakini haiwaki? Hakikisha umeme unafika kwenye solenoidi ya mafuta. Kimya kabisa? Tazama fyuzi, na kitufe chekundu cha dharura: huenda kimebaki kimebonyezwa.